Goti limechakaa kwenye eksirei: je, niache kukimbia?

Swali: Nina miaka 59 na nimekimbia kwa miaka 23, kama kilomita 30 kwa wiki. Tangu mwaka jana goti la kulia linaniuma nikishuka ngazi, na asubuhi huwa limekaza kwa dakika kumi hivi. Nilipiga eksirei, nikaambiwa nafasi ya kiungo imepungua upande wa ndani na goti limeanza kusagika. Daktari alisema niache kukimbia, nitembee tu. Wenzangu ninaokimbia nao wananiambia nichome sindano, nimeze glukosamini na niendelee. Nimeshajiandikisha nusu marathoni itakayofanyika miezi minne ijayo. Naogopa kufika miaka 70 natembelea magongo, lakini pia sitaki kuacha kitu kinachoniweka sawa. Nifanye nini?

Jibu:

Shikamoo, dada yangu.

Jibu nalitanguliza, maana najua ndilo unalolisubiri. Kwa hayo uliyoyaeleza, sioni sababu ya kuacha kukimbia. Naona sababu ya kupunguza kwa muda, kuipa miguu nguvu, na kujifunza kulisoma goti lako asubuhi baada ya kila mbio. Siku ya kuacha kweli ikifika, goti lenyewe litaonyesha dalili, na nitakueleza dalili hizo ni zipi. Nisilolikubali ni picha moja kuachiwa iamue peke yake.

Kwanza nina ugomvi na neno "kusagika". Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 19, na kila mara naona mtu anaingia ameshika bahasha ya picha, anatembea kama aliyebebeshwa mayai. Ameambiwa goti linasagika, basi kichwani mwake yapo mawe mawili ya kusagia, na kila hatua unga unamwagika. Ukishaliona goti hivyo, hesabu inakuwa nyepesi: hatua zikipungua, unga unabaki. Mtu anaacha mbio, halafu anaacha ngazi, halafu anaacha hata kuchuchumaa, na baada ya mwaka goti linauma kuliko lilipokuwa linakimbia.

Gegedu, yaani ule utando mgumu unaoteleza uliofunika ncha za mifupa, ni kitu hai. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo kwenye maji. Baada ya mbio hupungua unene kidogo, na kwa goti lenye afya hurudi lilivyokuwa ndani ya saa kadhaa hadi siku moja. Sikuambii kwamba likiumia linajiziba kama ngozi. William Hunter aliwaeleza wanasayansi wenzake London mwaka 1743 kuwa gegedu likishaharibika halirudi, na mpaka leo hatuna dawa ya kulirudisha. Kwa hiyo hofu yako si ya kipuuzi. Ila mzigo wa kiasi kinachofaa ni sehemu ya malezi ya gegedu, na kulinyima kabisa mzigo nako ni kulidhuru.

Kiasi ndicho chenye neno. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu mbio na osteoathritisi ya goti na nyonga, ugonjwa ambao wengi wanauita kuchakaa kwa viungo. Miongoni mwa watu wasiokimbia, karibu 10 katika kila 100 walikuwa nao. Miongoni mwa wakimbiaji wa ngazi za juu wa mashindano walikuwa 13. Miongoni mwa wanaokimbia kwa afya na kujifurahisha, kama wewe, hawakufika 4. Lakini hao ni watu wote kwa jumla, na goti lako tayari lina tatizo, kwa hiyo utafiti unaokuhusu zaidi ni wa 2018. Huo uliwafuatilia kwa miaka minne watu wa miaka 50 na kuendelea ambao magoti yao yalishaingia osteoathritisi. Waliokuwa wakikimbia hawakuharibika zaidi ya wasiokimbia, si kwa maumivu wala kwa picha, na waliopata nafuu ya maumivu walikuwa wengi zaidi upande wa wakimbiaji.

Nausoma utafiti huo kwa tahadhari, nawe fanya hivyo. Watu wale walijichagulia wenyewe kukimbia, na aliyekuwa akiteseka sana bila shaka alishaacha kabla hajahesabiwa. Hivyo hauruhusu kila goti lililochakaa liingie barabarani. Ninachokitoa humo ni kwamba goti linalozikubali mbio haliharakishi kuharibika kwa sababu ya mbio. Kazi yetu basi ni kujua kama la kwako linazikubali.

Daktari wako amekuambia utembee, na nia yake ni njema. Kwenye kukimbia, kila hatua hulibana goti kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya hatua ya kutembea. Lakini anayekimbia hupiga hatua chache zaidi kwa kilomita moja, na mguu hugusa chini kwa muda mfupi sana. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2014 vilionyesha kuwa ukijumlisha mzigo wote wa goti kwa umbali uleule, kukimbia na kutembea havipishani sana. Goti likiwa limevimba na kukasirika, ile nguvu ya mara moja ndiyo inayoliumiza, na hapo kutembea ni bora. Likiwa limetulia, kutembea kilomita tano si mapumziko makubwa kama watu wanavyodhani.

Kuhusu picha, nina swali dogo: ilipigwa ukiwa umesimama au umelala? Nafasi ya kiungo hupimwa mtu akiwa amesimama, uzito ukiwa juu ya goti. Picha ya kulala inaweza kuficha tatizo, na picha mbili za mikao tofauti hazilinganishwi. Muulize daktari utakaporudi kwake, na urudi kweli, kwa sababu hili si la kumkwepa. Lakini hata picha nzuri inasema kidogo kuhusu maumivu. Mwaka 2012, Framingham huko Marekani, watu zaidi ya 700 wenye miaka 50 na kuendelea, ambao eksirei za magoti yao zilikuwa safi, walipigwa MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata gegedu. Katika kila 100, 89 walikutwa na kasoro angalau moja ndani ya goti, na wengi wao hawakuwa wanaumwa chochote.

Ule mkazo wa asubuhi wa dakika kumi unaendana na osteoathritisi. Ungeniambia unadumu saa nzima, au kwamba vidole na viwiko navyo vinakaza, ningekuambia ukapime damu wiki hii, kwa sababu baridi yabisi ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake, na kuchelewa kunagharimu.

Sasa nikufundishe jambo ninalomfundisha kila mkimbiaji wa umri wako. Kaa kitandani, mguu umenyooka na misuli ya paja imelegea kabisa. Upande wa ndani wa kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, utaona kibonde kidogo. Weka kiganja chini ya kibonde hicho na upanguse kupanda juu kuelekea pajani, polepole, mara mbili au tatu, kama unayesukuma maji. Kisha hamia upande wa nje, pangusa mara moja kushuka chini, huku macho yako hayaondoki kwenye kibonde. Kikibaki kibonde, goti ni kavu. Ukiona wimbi dogo linapita chini ya ngozi na kibonde kinajaa, goti lina maji. Anza na goti la kushoto ili ujue goti kavu linavyoonekana. Mara ya kwanza utahisi huoni kitu. Fanya siku tatu mfululizo kwenye mwanga mzuri wa dirishani, jicho litazoea.

Maji hayo ndiyo lugha ya goti. Maumivu hubadilika kwa usingizi mbaya, kwa mawazo, kwa baridi. Maji hayabadiliki kwa hayo. Kila mbio fanya hivi: pangusa kabla ya kutoka, pangusa tena asubuhi inayofuata. Maumivu ya mpaka 3 katika kipimo cha 0 hadi 10 wakati unakimbia ninayaruhusu, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi kwenye hali yake ya kawaida na ni kavu. Likiwa kavu lakini bado linauma kuliko kawaida, mbio inayofuata iwe ya umbali uleule, usiongeze hata mita 500. Likiwa na maji, pumzika mpaka yakauke, na ukirudi anza na nusu ya umbali uliolivimbisha. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, namba ya maumivu, kavu au maji. Baada ya wiki sita daftari hilo litajua mengi kuhusu goti lako kuliko mimi.

Kuna kingine nataka ukione kwa macho yako. Simama juu ya ngazi moja ya chini mbele ya kioo, kwa mguu wa kulia. Shusha kisigino cha kushoto taratibu mpaka kiguse sakafu, halafu rudi juu. Rudia mara kumi. Kwa wagonjwa wangu wengi wenye maumivu kama yako, kufikia mara ya nne goti linakimbilia ndani kuelekea kidole gumba, kiuno kinaanguka upande, na mkono unaanza kutafuta ukuta. Hapo ndipo penye mzizi wa maumivu ya kushuka ngazi kwa watu wengi: misuli ya paja na ya nyonga haishiki breki, basi goti linaibeba breki hiyo. Nusu marathoni ina hatua zaidi ya 10,000 kwa kila mguu.

Wakimbiaji wa muda mrefu hudhani mbio zinatosha kuwapa miguu yenye nguvu. Zinatoa pumzi na uvumilivu, lakini nguvu hupungua na umri hata kwa anayekimbia kila wiki, na baada ya miaka 50 inapungua kwa kasi. Ningeweza kukupa jambo moja tu, ningekupa hili na kuacha mengine yote: mara mbili kwa wiki, fanya mazoezi ya uzito. Kukaa na kuinuka kwenye kiti ukiwa umebeba mzigo kifuani. Ule ushukaji wa ngazi niliokueleza, ukishika kitu mwanzoni. Kuinuka kwa vidole kwa mguu mmoja, lengo likiwa mara 20 bila kupumzika. Kulala ubavu na kuinua mguu ulionyooka. Chagua uzito ambao ukirudia mara 8 hadi 12, mbili za mwisho zinakuwa ngumu kweli, na upige seti tatu. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu wanabeba uzito wa mtoto mchanga kwa miezi sita. Misuli haipati sababu ya kukua. Usiogope goti likilia kwa-kwa-kwa ukiinuka. Mlio usio na maumivu wala uvimbe si sababu ya kuacha zoezi.

Kwenye mbio zenyewe, shuka kutoka kilomita 30 hadi 15 kwa wiki, mbio tatu, siku moja ya kupumzika katikati. Kwa wiki nne acha miteremko mikali, kwa sababu kushuka kilima ni kushuka ngazi kwa mwendo wa kasi. Halafu badili hatua. Ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Tuseme umepata 39, hiyo ni hatua 156 kwa dakika. Ongeza kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi: hesabu yako iwe 41 hadi 43. Hatua zinakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili badala ya mbele yake, na mzigo wa goti unapungua kila hatua. Utajihisi unakimbia kama kuku kwa wiki mbili. Inapita. Kuhusu raba, chagua zinazokuridhisha mguuni, wala usiache fedha nyingi dukani kwa ahadi ya kutibu goti.

Kama una uzito wa ziada (hukuniambia, nami sikuulizi), kila kilo inayoondoka hulipunguzia goti kama kilo nne kwa kila hatua.

Sindano na vidonge nitavipitia upesi. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006 halikukuta glukosamini ikikizidi kidonge tupu kisicho na dawa kwa wagonjwa kwa jumla. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ina mahali pake, goti likiwa limevimba na kuwaka, ili mtu apate nafasi ya kufanya mazoezi. Lakini katika jaribio la mwaka 2017, waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakupungua zaidi. Usichome ili ukimbie Jumamosi. Vilevile usimeze ibuprofeni au diklofenaki kabla ya mbio. Mbali na tumbo, figo na shinikizo la damu, dawa hizo zinazima kengele ambayo mpango huu wote unaitegemea.

Na magongo ya miaka 70? Chuo Kikuu cha Stanford kilianza mwaka 1984 kuwafuatilia wakimbiaji waliovuka miaka 50 pamoja na wenzao wasiokimbia, kwa takriban miongo miwili. Kushindwa shughuli za kila siku kuliwafika wakimbiaji kwa kuchelewa miaka mingi, na eksirei za magoti yao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao. Kinachonitisha mimi kwa mtu wa miaka 59 ni paja lililonyauka kwa sababu mtu aliogopeshwa akakaa.

Lakini kuna kuacha kwa haki, na hapo nisikufiche kitu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mgonjwa wa miaka 66, mkimbiaji tangu ujanani. Alifanya kila nilichomwambia, uzito, hatua fupi, daftari. Kwa wiki 12 daftari lake liliandika maji, maji, maji, hata baada ya kilomita mbili. Kisha goti likaanza kukataa kunyooka. Akilala kitandani, kiganja changu kilipita chini ya goti lake bila kuguswa. Niliendelea kumtafutia njia kwa wiki nyingine sita, kwa sababu nilijua mbio ni nini kwake, na wiki hizo sita nazijutia. Nilipomwambia aache alikaa kimya muda mrefu, akikunja na kukunjua suruali yake ya mazoezi gotini. Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme wewe." Sasa anaendesha baiskeli na anapanda milima kwa fimbo mbili, na goti lake ni kavu. Bado huniambia anaikumbuka saa kumi na mbili asubuhi barabarani. Sijawahi kumwambia asiikumbuke.

Kwa hiyo kwako nasema hivi: wiki 12 za mpango huu kwa uaminifu. Ikiwa mwishoni goti linavimba hata kwa mbio fupi, au linapoteza uwezo wa kunyooka au kukunja wiki baada ya wiki, au unachechemea kwenye shughuli za kawaida kwa sababu ya mbio, tuache kukimbia na tuchague kingine. Usingoje hizo wiki 12 ukiona goti linajifunga katikati ya mwendo, linakulegea ghafla na kukuangusha, linapata joto na wekundu pamoja na homa, au linakuuma usiku kucha hata ukiwa umelala. Hayo ni ya daktari, haraka.

Nusu marathoni usiifute leo. Zitazame wiki mbili za kwanza kama za kulikausha goti, kisha ongeza kidogo kidogo, daftari likiruhusu. Mwisho wa wiki ya 10, jaribu kilomita 12 kwa mwendo wa kuzungumza, kwenye tambarare. Kesho yake asubuhi kaa kitandani upanguse. Likiwa kavu, umebakiwa na wiki kama saba za kufika 17 au 18, na hizo zinatosha kumaliza mbio kwa mwendo wa polepole, ukitembea dakika moja kila kilomita mbili. Likiwa na maji, waandikie waandaaji waone kama wanaweza kukuhamishia kwenye kilomita 10, na uniandikie mimi, ukiambatisha daftari.